Wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu wapewe walezi rika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vikuu vya Nyanda za Juu Kusini, hasa wale wanaoshughulikia shahada za juu, kuhusu wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu. Ombi langu ni kwamba kila mwanafunzi wa ngazi hiyo anapojisajili akabidhiwe kwa mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia, amwongoze katika mwaka wa kwanza, na kwamba jambo hilo lisiachwe kwa hisani ya mtu mmoja mmoja, liwe utaratibu wa chuo wenye mratibu, muda na mipaka inayojulikana. Kwa kuwa tulishazoea neno mwelimishaji rika katika mambo ya afya, mtu huyo nitamwita mlezi rika.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari mkoani Mbeya. Nilisoma shahada ya uzamili nikiwa kazini, katika chuo kimoja cha kanda hii ambacho sioni sababu ya kukitaja, na utafiti wangu ulihusu mgawanyo wa maji ya mifereji kwa wakulima wadogo wa mpunga katika bonde la Usangu. Pendekezo langu la utafiti lilipopitishwa nilipewa barua ya utambulisho, nikaitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na hojaji nilizozirudufu kwa fedha yangu, nikapanda basi la alfajiri kwenda Mbarali. Ilikuwa Januari, maji yamejaa mferejini na watu wako majarubani wakipandikiza, na huo ndio wakati hasa niliotaka kuwakuta. Mtendaji wa kijiji alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akaisoma barua yangu mara mbili, kisha akaniuliza iliko barua ya mkurugenzi wa halmashauri. Sikuwa nayo. Nilikwenda Rujewa, nako nikaulizwa ya kutoka mkoani. Niliporudi chuoni nikaambiwa kuwa barua ile ya kwanza ilielekezwa mahali pasipo pake, kwamba itabidi iandikwe nyingine, na kwamba anayepaswa kuitia saini yuko safarini. Mlolongo ulipokamilika mpunga ulikuwa umeshaanza kuchanua, na mivutano ya zamu za maji, ambayo ndiyo niliyotaka kuishuhudia, ilikuwa imekwisha kwa mwaka ule. Ikanibidi nisubiri Januari nyingine na kulipa ada ya muda wa ziada.

Miezi michache baadaye, tukinywa chai kwenye kantini ya chuo, nilimsimulia kisa hicho mwanafunzi mmoja wa uzamivu ambaye tulikuwa tumefahamiana siku hiyohiyo. Aliniuliza kwa mshangao, "Kwani hukuanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa?" Kisha akachukua risiti ya chai, akaigeuza, akanichorea njia yote kwa kalamu: chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaiandikia wilaya na halmashauri, halmashauri inamwandikia mtendaji wa kata, naye anakupeleka kwa mtendaji wa kijiji, na kila unapopita unaacha nakala, kwa hiyo nenda na nakala za kutosha. Haikuzidi dakika tano. Mtu huyo alikuwa akikaa meza ya tatu kutoka yangu maktabani kwa mwaka mzima. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nipo, wala aliyeniambia mimi kwamba yeye yupo. Risiti ile ninayo hadi leo.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ninaamini ndivyo wengi wanavyokwama. Mtu aliyefika ngazi ya uzamili amekwisha kuthibitisha kuwa ana akili ya kusoma. Kinachomwangusha mara nyingi ni mambo madogo ambayo hayamo katika muhtasari wa kozi yoyote: jinsi ya kumkumbusha msimamizi ambaye hajajibu kwa wiki tatu bila kuonekana unamsukuma, fomu ya taarifa ya maendeleo inayopaswa kurudishwa kila muhula, namna ya kutumia programu kama Zotero kupanga marejeo badala ya kuyachapa moja moja na kuyarekebisha usiku kucha, utafiti upi unahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na upi unaishia kwenye kamati ya chuo, na kinachotokea ndani ya chumba siku ya kutetea tasnifu. Kila aliyetangulia kwa miaka miwili anayajua haya kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake.

Atakuwepo atakayesema kwamba kazi hiyo ni ya msimamizi. Ninawaheshimu wasimamizi, na wa kwangu alinifaa sana. Lakini msimamizi ana vipindi vya kufundisha, ana mitihani ya mamia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya kusahihisha, ana utafiti wake mwenyewe, na zaidi ya yote ndiye atakayekutathmini. Mwanafunzi mgeni anapopata nusu saa ya kukaa naye hataki kuitumia kuuliza fomu inapatikana ofisi gani, wala hataki kukiri kwamba hajaelewa tofauti ya mbinu ya utafiti na muundo wa utafiti, maana anahisi kwamba alipaswa kuijua kabla ya kuja. Basi ananyamaza. Makundi ya WhatsApp hayaliponyi tatizo hilo, kwa sababu yamejaa matangazo, na ni nani atakayethubutu kuuliza swali la namna hiyo mbele ya watu mia mbili, akiwemo mkuu wa idara?

Kwa upande wetu wa Mbeya na Iringa lipo jambo jingine linalozidisha upweke huo. Wengi wa wanafunzi wetu wa shahada za juu ni watumishi: walimu, wauguzi, maofisa kilimo, wahasibu wa halmashauri, watu wenye ndoa na watoto. Wanatoka Kyela, Tukuyu, Vwawa, Makambako, Mafinga na Kilolo, wanashuka stendi ya Nanenane au ya Igumbilo wakiwa na begi la kompyuta na mfuko wa nguo, wanahudhuria vipindi vya jioni au vya mwisho wa wiki, kisha wanawahi basi la kurudi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata asipopangiwa mlezi, anajifunza mambo ya chuo bwenini usiku, kwenye foleni ya chakula na uwanjani. Mtumishi wa miaka 40 hana bweni. Anaweza kumaliza mwaka mzima akifahamu majina ya wenzake wanne tu.

Nasi si wageni wa wazo hili. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na vijiji vya rika: vijana wa kiume waliolingana walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakakua pamoja na kuoa humohumo. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya kile ambacho wenyewe wanakiita ukwangala, yaani kukaa na wenzako wa rika mkala pamoja na kuzungumza, jambo ambalo kwao halikuwa la kupoteza wakati kwa kuwa waliona mtu anapata busara ndani ya mazungumzo hayo. Sisemi turudishe vijiji vile, ambavyo kwanza viliwekwa kwa ajili ya wanaume. Ninasema kwamba watu wa nyanda hizi walikwisha kutambua kuwa yapo mambo ambayo mtu hajifunzi kwa mkubwa wake, anajifunza kwa mwenzake.

Katika vyuo, hata hivyo, neno rika inabidi tulielewe kwa namna yake, kwa sababu aliyetangulia katika safari ya masomo anaweza kuwa mdogo sana kwa umri. Mwaka juzi nilishuhudia jambo ambalo limenikaa moyoni. Mkuu wa shule mmoja, mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, alianza shahada ya uzamili na akajikuta anaelekezwa kwa binti aliyemfundisha mwenyewe kidato cha pili. Binti aliingia maktabani, akasimama, akasema, "Shikamoo mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha wote wawili wakakaa kimya wasijue pa kuanzia. Binti ndiye aliyevunja ukimya. Alifungua kompyuta yake, akamwonyesha pendekezo lake la kwanza, lile ambalo msimamizi wake alilirudisha likiwa limejaa wino mwekundu, akasema, "Mwalimu, mimi nilikosea hapa, na hapa, na hapa." Mzee akavaa miwani, akavuta kiti karibu, akaanza kuuliza maswali. Tangu siku hiyo walikutana kila Jumamosi ya pili, na shikamoo haikuacha kutangulia. Nilichojifunza ni kwamba heshima ya umri na uongozi wa kitaaluma vinaweza kukaa meza moja, ilimradi mlezi rika aanze kwa kuonyesha makosa yake mwenyewe kabla ya kugusa ya mwenzake. Hilo lingekuwa somo la kwanza katika mafunzo ya walezi kama ningeulizwa.

Ninataka pia kusema wazi kuhusu biashara ambayo kila mmoja wetu anaijua na wachache wanaiandika. Pembezoni mwa vyuo vingi, kwenye vyumba vya stesheneri na nyuma ya mashine za kurudufu, wapo watu wanaoandikia wengine mapendekezo ya utafiti, wanaowachambulia takwimu, na hata wanaowaandikia tasnifu nzima kwa malipo. Tunawalaani wanunuzi kwa uvivu, na wavivu wapo. Lakini nimezungumza na waliokaribia kuingia huko, na hadithi zao zinafanana: mtu alikwenda kurudufu karatasi, akamuuliza kijana wa stesheneri swali dogo la jinsi ya kupanga majedwali katika SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumuuliza, naye akajibiwa vizuri, akarudi na swali kubwa zaidi, na mara ya tatu akatajiwa bei. Yule kijana alikuwa ameshika nafasi ambayo chuo kiliiacha wazi. Programu za kukagua wizi wa maandiko zinakamata sentensi zilizonakiliwa, lakini haziwezi kumkamata aliyeandikiwa upya kila neno. Mlezi rika anayemwonyesha mwenzake jedwali moja na kumwachia ya pili alifanye mwenyewe anaweza kumwokoa kabla hajafika mara ya tatu.

Mwaka ule wa kusubiri msimu wa mpunga nilidhani kwamba tatizo ni mimi, kwamba mwalimu wa sekondari hapaswi kujitia katika mambo ya utafiti. Kilichonisaidia kuliondoa wazo hilo ni kusoma ya wengine. Taasisi ya Marekani iitwayo Council of Graduate Schools, iliyofuatilia wanafunzi wa uzamivu wa Marekani na Kanada, ilikuta kwamba baada ya miaka 10 waliokuwa wamehitimu ni kama asilimia 57 tu. Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti wa wanafunzi 2,279 wa shahada za juu, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26, ambapo asilimia 41 walikuwa na dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali na asilimia 39 walikuwa na dalili za sonona za kiwango hicho, wakati kwa watu kwa jumla kila moja ilikadiriwa kuwa asilimia 6. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo takwimu hizo zisichukuliwe kuwa ni za kila mwanafunzi duniani, na hazikupimwa Mbeya. Kwangu zilitosha kunionyesha kwamba hata penye maktaba kubwa na fedha nyingi za utafiti watu wanakwama na kuumia wakiwa peke yao.

Utaratibu wenyewe hauhitaji jengo wala wafadhili. Mlezi mmoja awe na wanafunzi wapya wasiozidi watatu, awapigie simu kabla hawajafika chuoni, na muhula wa kwanza wakutane kila baada ya wiki mbili, siku ambayo wanaotoka mbali wapo. Katika kuwapanga, mimi ningetazama maisha ya mtu kabla ya mada yake: muuguzi mwenye zamu za usiku apewe muuguzi aliyekwisha kusoma huku akishika zamu, mama anayenyonyesha apewe mama aliyepitia hayo, na anayetoka Kyela apewe mwenzake wa njia hiyo, kwa sababu safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi ni muda mrefu wa mazungumzo. Nisingependa wawe chini ya msimamizi mmoja, maana mwanafunzi mpya anahitaji mtu ambaye anaweza kumlalamikia bila hofu. Na pale ambapo chuo kimoja kina wanafunzi wachache mno wa fani fulani, sioni kwa nini Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha na Mkwawa visiazimane walezi ilhali viko mji mmoja, au kwa nini Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu Katoliki, ndaki ya Mzumbe na kituo cha Chuo Kikuu Huria visifanye hivyohivyo hapa Mbeya.

Walezi walipwe kitu. Ninajua bajeti zilivyo, na sisemi mshahara. Punguzo dogo la ada, au nauli na muda wa maongezi, pamoja na cheti ambacho idara itakitambua mtu anapoomba kazi ya kufundisha, vinatosha kuonyesha kwamba chuo kinaihesabu kazi hiyo kuwa kazi. Penye kujitolea tupu, wanaobeba mzigo ni walewale wapole, na mara nyingi ni wanawake, ambao nao wana tasnifu za kuandika.

Mafunzo ya siku mbili kabla ya muhula ni ya lazima, kwa sababu mlezi asiyefundishwa anaweza kuharibu. Nimewasikia wanafunzi wakirithishana uvumi kana kwamba ni kanuni, kwamba msimamizi fulani hapitishi utafiti wa takwimu, au kwamba mtahini wa nje huwa hasomi sura ya pili. Mlezi afundishwe kusema "sijui, twende tukaulize," na awe na kitabu cha mwongozo wa shahada za juu cha chuo chake mkononi kila wanapokutana. Afundishwe kwamba hasahihishi kazi ya mwenzake badala ya msimamizi na haandiki hata aya moja kwa niaba yake. Afundishwe pia kutambua pale ambapo mwenzake hana tatizo la masomo bali ni mgonjwa, amefiwa au amekata tamaa ya kuishi, na ajue ni mlango gani wa kumpeleka siku hiyohiyo.

Lipo suala ambalo halipaswi kukosekana katika mafunzo hayo. Mwanafunzi wa kike anayetakiwa kutoa mwili wake ili kazi yake isomwe humwambia mwenzake kabla ya kuambia ofisi yoyote, kama anamwambia mtu kabisa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, na mlezi rika anapaswa kulijua hilo, ajue dawati la chuo na ofisi ya TAKUKURU zilipo, na ajue kwamba kumshauri mwenzake avumilie mpaka amalize si ulezi. Chuo nacho kimhakikishie mlezi kwamba hataadhibiwa kwa kumsindikiza mwenzake kwenda kushtaki, kwa sababu bila kinga hiyo tutakuwa tumewaongezea wanafunzi mtu mwingine wa kunyamaza naye.

Ninaandika haya sasa kwa kuwa barua za udahili hutangulia kuwafikia watu wiki kadhaa kabla ya vipindi kuanza, na mratibu akipatikana mapema majina yanaweza kupangwa kabla ya wiki ya utambulisho. Mimi sasa ni mwanafunzi wa uzamivu, na bila kusubiri utaratibu wowote nimechukua wenzangu watatu wanaoanza uzamili. Tunakutana Jumamosi hii saa nne asubuhi. Mmoja wao anataka kwenda Ileje kukusanya takwimu kabla mvua hazijaharibu barabara za vijijini, na ombi la barua aliloliandaa, ambalo alinitumia jana usiku nilisome, limeelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mbeya, wakati Ileje imekuwa katika Mkoa wa Songwe tangu mwaka 2016. Tutaanza na hilo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wa uzamivu,
Uyole, Mbeya.